Shangazi, nitoe laki tano kwa warsha ya waandishi au ninunue bati?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilaya ya Kongwa, nina miaka 33, nimeolewa na nina watoto wawili. Tangu mwaka juzi naandika riwaya. Huandika usiku watoto wakishalala, kwenye kaunta buku. Ya kwanza imejaa, ya pili nimefika katikati. Sura tisa zimekwisha, nadhani zimebaki tano.

Mwezi uliopita rafiki yangu alinitumia tangazo la warsha ya waandishi itakayofanyika Dar es Salaam kwa siku tatu. Ada ni 250,000. Nikijumlisha nauli ya basi kutoka Kibaigwa kwenda na kurudi, gesti na chakula, haishuki chini ya 480,000. Hela ninayo. Ni gawio langu la kikoba, nimelipata juzi tu. Mume wangu si mtu wa kunizuia mambo, ila aliuliza swali moja: "Mama Neema, hizi ni bati za kumalizia jiko. Ukirudi kutoka huko utakuwa na nini mkononi?" Nilikosa jibu.

Kinachonitia hofu zaidi ni yaliyonikuta mwaka jana. Nilikwenda Dodoma mjini kwenye mkutano wa siku moja wa waandishi chipukizi, kiingilio 30,000. Ukumbi ulijaa. Nilikaa viti vya nyuma. Wakubwa walizungumza tangu saa tatu hadi saa tisa, mmoja baada ya mwingine, kuhusu umuhimu wa kusoma. Wakati wa chakula nilimwona mchapishaji mmoja kwenye foleni ya wali, nikajikaza, nikampa kaunta buku langu. Sahani yake ilikuwa mkononi. Akaniambia, "Tuma kwa barua pepe, dada." Nilirudi nyumbani nikapiga picha ukurasa kwa ukurasa, picha 140, nikamtumia. Mpaka leo hajajibu. Baadaye mwalimu mwenzangu akaniambia nimefanya kosa kubwa, kwamba watu wa namna hiyo huiba hadithi za watu. Tangu siku hiyo sijamwonyesha mtu mwingine.

Riwaya yangu inahusu binti anayeacha shule kwa sababu ya ukame. Inaanza hivi: "Katika kijiji kimoja kilichokumbwa na ukame wa muda mrefu, aliishi binti mmoja mwenye bidii na nidhamu aliyeitwa Matika." Mambo haya nimeyaona mwenyewe, Shangazi. Kwetu Bahi, nilipokuwa mdogo, tuliamka saa tisa usiku kwenda korongoni. Mnachimba mchanga mpaka shimo linakufika kiunoni, unashuka na kikombe, unasubiri maji yajikusanye, unachota kikombe kimoja kimoja mpaka ndoo ijae. Na aliye nyuma yako kwenye foleni anakuhesabia vikombe kwa sauti.

Je, mikutano hii ni ya watu kama sisi au ni ya wenye majina? Niende?

Mwalimu, Kongwa


Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa na kalamu mkononi. Mbele utaona kwa nini.

Nianze na jibu, maana najua mwenzako analingoja. Safari hii usiende. Nunueni bati. Warsha hii iache ipite, ujipange kwa nyingine utakapokuwa umemaliza riwaya yako na kuichapa. Usinielewe kwamba mikutano ya waandishi ni kupoteza fedha. Moyo wa kuendelea kuandika mimi niliupata kwenye chumba cha namna hiyo, katikati ya watu kumi na mbili ambao sikuwahi kuwaona kabla. Lakini mikutano hii humfaa sana aliyekwenda na kazi iliyokamilika, na wewe bado una sura tano za kuandika.

Nikupe habari moja ya zamani. Juni 1962 waandishi wa Afrika walikutana Makerere, Kampala. Chinua Achebe wa Nigeria alikuwepo, Wole Soyinka mwenzake alikuwepo. Kijana mmoja wa Kenya aliyekuwa akisoma hapo hapo chuoni aliruhusiwa kuingia kwa sababu ya hadithi fupi mbili tu alizokwisha kuzitoa kwenye majarida. Leo tunamjua kama Ngũgĩ wa Thiong'o. Kumbe alikuwa na mswada wa riwaya pia. Akampa Achebe. Achebe akausoma, akampa maoni, akaufikisha kwa wachapishaji wake wa London, na riwaya ikatoka mwaka 1964. Wengi huisimulia habari hii kama habari ya kijana aliyebahatika kukutana na mkubwa. Bahati ilikuwepo, sikatai. Ila alipokutana na Achebe, kijana alikuwa na cha kumpa.

Mkutano ule ule una upande wa pili ambao unaniuma hadi leo. Uliitishwa kwa ajili ya wanaoandika kwa Kiingereza. Shaaban Robert wetu alikuwa bado hai, ana vitabu vya mashairi na vya nathari, na hakuwa na nafasi pale kwa sababu aliandika Kiswahili. Alifariki mwezi huo huo. Ngũgĩ mwenyewe alikuja kuliandika jambo hilo miaka mingi baadaye, kwa uchungu. Kwa hiyo unapouliza kama mikutano ni ya watu kama ninyi, swali lako si la kinyonge hata kidogo. Kila mkutano una watu walioitiwa, na ni haki yako kujua ni akina nani kabla hujatoa hata shilingi.

Uliohudhuria Dodoma mjini ulikuwa mkutano wa kusikiliza. Watu huuchanganya na warsha, na wanaouandaa nao huchanganya, wengine kwa kutojua na wengine kwa sababu neno warsha huvuta ada kubwa. Kongamano la Kiswahili, kama yale ya vyuo vikuu au ya CHAUKIDU, yaani Chama cha Ukuzaji wa Kiswahili Duniani, ni mahali ambapo wanataaluma husoma makala za utafiti wao. Utatoka umeijua lugha zaidi, lakini hakuna atakayefungua kaunta buku lako, na wala si kazi yao. Tamasha la vitabu ni la wasomaji. Unakwenda kusikia waandishi wakisoma, kununua vitabu, kujua nani anachapisha nini. Warsha ni meza. Watu kumi, kumi na tano wakizidi sana, kila mmoja ameleta kurasa zake, wenzake wamezisoma kabla ya kuja, na mnakaa saa nzima juu ya kurasa sita za mtu mmoja. Inachosha, na kuna wakati inaumiza. Hicho ndicho unachokihitaji wewe.

Sasa wapigie hao wa Dar uwaulize: nani atasoma kurasa zangu, atasoma ngapi, na nizitume lini? Wakikutajia mtu, ukajua ameandika nini au amehariri nini, na wakakupa tarehe ya kutuma, hiyo ni warsha. Weka namba yao, utawahitaji mwakani. Wakikujibu kwamba utajifunza mengi na utapewa cheti, ni ule ule wa mwaka jana kwa bei mara nane. Sisi wa Dodoma tumezoea semina za ofisini, ambako mtu hulipwa posho kwa kukaa. Hapa unayelipa ni wewe, kwa hiyo uliza kama mnunuzi.

Na wakikuambia kwamba ukiongeza kiasi fulani watakutolea kitabu, simama hapo hapo. Mchapishaji aliyeipenda kazi yako hubeba gharama mwenyewe: mhariri, jalada, karatasi, usambazaji. Yeye ndiye anayekulipa wewe mrabaha, kwa kawaida kama asilimia 10 ya mauzo. Anayetaka umlipe ili kitabu kitoke ni mchapaji. Hiyo nayo ni kazi halali, wapo waandishi wengi wanaolipia nakala zao wenyewe na kuziuza vizuri, ila watakuwa wamejua tangu mwanzo kwamba maboksi ya vitabu yatakaa sebuleni kwao na ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, wataifuatilia wenyewe Bodi ya Huduma za Maktaba. Kwenye mikutano ya chipukizi ndipo wachapaji hujiita wachapishaji mara nyingi kuliko mahali pengine popote.

Tuje kwenye kalamu yangu. Nataka ujue meza ya warsha hufanya nini, kwa hiyo tuifanye hapa.

Sentensi yako ya kwanza inasema kijiji kimoja, ukame wa muda mrefu, binti mwenye bidii na nidhamu. Mwalimu, hayo ni maneno ya ripoti ya mwisho wa muhula. Kijiji kimoja ni kijiji chochote. Ukame wa muda mrefu tumeusikia kwenye taarifa ya habari hadi masikio yamezoea. Bidii na nidhamu unatuambia wewe, yeye Matika hajafanya kitu. Kisha, mistari miwili chini, ulipoacha kuandika riwaya ukawa unamwandikia Shangazi tu, ukaandika shimo linalofika kiunoni, kikombe, na mtu wa nyuma anayehesabu vikombe kwa sauti. Hapo niliinuka kwenye kiti. Ukame upo hapo wote na hukuutaja. Nidhamu ipo hapo, maana mtoto anayechota huku akihesabiwa, bila kuzidisha hata kimoja, hahitaji kusifiwa. Na ugomvi upo hapo hapo: siku atakapozidisha kikombe itakuwaje?

Mtu mmoja peke yake usiku na kaunta buku hawezi kuliona hilo kirahisi. Umeishi na korongo lile tangu utoto, kwako ni jambo la kawaida, ndiyo maana hukuliweka kwenye riwaya. Anayeliona ni mwenzako wa mezani aliyekulia Tanga au Unguja, ambaye hajawahi kuchota maji mchangani, akakuuliza: ngoja, anahesabiwa na nani? Kwa swali hilo moja warsha ya siku tatu inakuwa imelipa ada yake. Hiyo sehemu ya mikutano ndiyo ninayoithamini kuliko kukutana na wachapishaji.

Kuhusu yule bwana wa foleni ya wali, hakukudharau. Mtu mwenye sahani hawezi kupokea mswada, na hakuna mhariri duniani atakayesoma picha 140 za mwandiko wa mkono, hata uwe mzuri kama wa ubaoni. Wanachohitaji ni muhtasari wa ukurasa mmoja, unaosema nani, wapi, nini kinamsibu na mwisho wake ni nini, usifiche mwisho, pamoja na sura mbili tatu za mwanzo zilizochapwa. Chapa kwenye simu yako kama huna kompyuta. Ukurasa mmoja kila usiku. Unapochapa ndipo utaanza kuhariri bila kujua. Ukiipeleka steshenari mtu mwingine atachapa yale yale uliyoandika, makosa na yote. Na siku nyingine kwenye mkutano usiende na kazi nzima. Nenda na swali. Mwulize mchapishaji: mnapokea riwaya kwa sasa, au mnachukua vitabu vya shule tu? Wachapishaji wetu wengi huishi kwa vitabu vya shule, riwaya huichukua kwa hesabu kali, na jibu la kweli la swali hilo litakuokolea mwaka mzima wa kungoja.

Hofu ya kuibiwa naielewa. Lakini yule mwalimu mwenzako amekutisha kupita kiasi. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kazi yako inalindwa tangu unapoiandika, na ulinzi huo huendelea miaka 50 baada ya kufa kwako. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kunakupa ushahidi mzuri iwapo mtagombana, nakushauri ufanye hivyo ukimaliza. Sheria haikulindi kwenye wazo. Binti anayeacha shule kwa ukame ni wazo la kila mtu, nami naweza kuliandika kesho. Vikombe vya Bahi hakuna anayeweza kukuibia, kwa sababu aliyevihesabiwa ni wewe. Ukiendelea kuificha kazi kwa hofu hiyo utamnyima nafasi mtu yule yule anayeweza kukusaidia.

Laki tano si lazima zitoke ili upate meza. Kongwa na Kibaigwa pana walimu, wauguzi, wahubiri, watu wa soko la mahindi. Katika watu hao siwezi kuamini kwamba wewe peke yako ndiye mwenye kaunta buku. Tafuta wawili tu. Kaeni Jumamosi moja kila mwezi, kila mtu kurasa tano, na sharti moja: hakuna kusema "nzuri sana" bila kuonyesha mstari. Ukija Dodoma mjini, ingia Maktaba ya Mkoa, kisha panda Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) ambako wapo wanaofundisha fasihi ya Kiswahili. Uliza lini wana shughuli za wazi, hasa kuelekea Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai. Washairi wetu wa zamani walikuwa hivyo. Mathias Mnyampala, Mgogo wa hapa hapa kwetu aliyezaliwa 1917, yule aliyeziinua ngonjera hadi zikaimbwa mashuleni nchi nzima, alikua kati ya washairi waliojibizana magazetini, mmoja akitunga mwingine akimjibu, kisha wakaungana kwenye chama chao cha UKUTA. Walianza kwa kusomana.

Halafu zipo tuzo, ambazo kwako naziona muhimu kuliko mkutano wowote kwa sasa. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilitolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023, na mshindi wa kwanza alipata shilingi milioni 10. Ile iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell na baadaye ikaitwa Safal-Cornell hupokea hata miswada ambayo haijachapishwa, na imekuwa ikitenga jumla ya dola 15,000 kwa washindi. Siahidi kwamba utashinda. Nakwambia tuzo zina tarehe ya mwisho, na mwandishi anayeandika watoto wakishalala anahitaji tarehe ya mwisho kuliko mhadhara. Fuatilia matangazo, andika tarehe hiyo kwenye kalenda ya jikoni, chini ya bati mpya.

Mwenzako mweleze hivi hivi. Swali lake la utarudi na nini mkononi lilikuwa swali zuri, na usilichukue kama kizuizi. Mwambie safari hii ungerudi na daftari lenye nembo. Mwambie mwakani utaomba nauli ile ile, na utakwenda ukiwa na mswada uliochapwa, muhtasari wa ukurasa mmoja, na jina la mtu atakayeusoma kabla hujapanda basi. Kama ni mtu wa hesabu, na naona ni mtu wa hesabu, atakuelewa. Muombe na saa moja ya usiku ambayo haitaguswa, yeye akiwa na watoto. Hilo ni deni dogo kwa mtu aliyetoa gawio lake lote kwa jiko la nyumba.

Leo usiku usiiguse sura ya kumi. Rudi kwenye ukurasa wa kwanza, futa kijiji kimoja, uanzie shimoni. Nataka nijue kikombe kilikuwa cha bati au cha plastiki, kilitoa sauti gani kilipogusa mchanga, na Matika alikuwa akifanya nini kwa mikono yake wakati akisubiri maji yajikusanye. Nitumie ukurasa huo hapa hapa, uliochapwa.

Shangazi